Kazi ya nywila katika diski inayojisimba

Diski inayojisimba yenyewe husimba kila kinachoandikwa ndani yake, yaani hukigeuza kisisomeke bila ufunguo, tangu siku ya kwanza, hata kama mwenye kompyuta hajawahi kuweka nywila. Kidhibiti kilichomo ndani ya diski hutengeneza ufunguo wa nasibu, mara nyingi wa AES (mbinu ya usimbaji inayotumika sana) wenye biti 256, na ufunguo huo hautakiwi kutoka nje. Lakini pasipo nywila diski humfungukia yeyote anayeiwasha. Data imesimbwa, ila hakuna anayezuiwa kuisoma.

Nywila yenyewe si ufunguo wa data. Katika diski iliyoundwa vizuri, nywila huchanganywa na tarakimu za nasibu na kupitishwa katika hesabu inayorudiwa mara nyingi, ili upatikane ufunguo wa pili ambao kazi yake ni kuusimba ule wa kwanza. Kwa hiyo kubadilisha nywila ya diski ya terabaiti nzima ni kazi ya muda mfupi tu, kwa kuwa kinachosimbwa upya ni ufunguo mmoja, si mafaili. Vilevile, ufunguo huo ukifutwa, data yote huwa haisomeki tena, jambo linalozifaa sana ofisi zinazouza kompyuta chakavu.

Tatizo huja pale mtengenezaji anapoifanya nywila kuwa mlinzi wa getini badala ya kufuli: diski hulinganisha nywila iliyoandikwa na ile iliyohifadhiwa, zikifanana inafungua, ilhali ufunguo wa data ulikuwa umekaa wazi humo humo. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, walionyesha kwamba diski za Crucial MX100 na MX200 zilikuwa hivyo. Walibadilisha programu ya ndani ya diski, nayo ikakubali nywila yoyote. Mlinzi hurubunika.

BitLocker, programu ya Windows ya kusimba diski, wakati huo iliiachia diski kazi ya kusimba, endapo diski ilidai kuiweza. Microsoft iliubadilisha utaratibu huo mwaka 2019, lakini diski zilizosimbwa kabla ya hapo hazikubadilika zenyewe. Amri ya manage-bde -status huonyesha ni njia gani inatumika. Ikitaja usimbaji wa maunzi, yaani unaofanywa na diski yenyewe, tunashauri BitLocker izimwe, kisha iwashwe upya kwa usimbaji wa programu.