Miche, moshi na koki zinazovuja: dhana potofu kuhusu shule na utunzaji wa mazingira

"Shule ya kijani ni shule iliyopanda miti mingi"

Naanza na hii kwa sababu ndiyo iliyoota mizizi kuliko zote, na naielewa. Kupanda mche ni kazi ya saa moja, kila mtu anashiriki, na siku hiyo shule nzima inachangamka. Faida za mti nazo ni za kweli: kivuli hupoza madarasa, mizizi hushika udongo, ndege hurudi.

Ila mche si mti bado. Kwa miaka miwili mitatu ya mwanzo unahitaji maji, palizi na uzio wa kuuepusha na mifugo na mipira ya wanafunzi. Katikati ya miaka hiyo kuna likizo, na hapo ndipo miche inapofia: shule imefungwa, jua linawaka, hakuna mwenye ndoo. Ningeichagua shule iliyopanda miche 30 na kuigawia madarasa, ikapanga na zamu ya kumwagilia wakati wa likizo, kuliko iliyopanda 1,000 kwa siku moja na kusahau. Swali la kuuliza ni hili: ile ya mwaka juzi imebaki mingapi?

Aina na mahali pa kupanda navyo vina uzito. Mikaratusi hukua haraka lakini hunywa maji mengi, kwa hiyo isipandwe karibu na kisima au chemchemi. Miti ya asili ya eneo husika huwa imezoea udongo na mvua za hapo. Na ukiwa na miche michache tu, anza na upande wa magharibi wa madarasa, kwani jua la alasiri ndilo linalochemsha kuta.

Tena miti haifuti matumizi mengine. Lita moja ya dizeli ikiungua kwenye jenereta hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ukaa (kaboni dioksidi, gesi inayopasha dunia joto), na mche wa kimo cha goti hauwezi kuimeza hiyo kwa kasi inayotoka.

"Taka zikichomwa zimeisha"

Hii inaniuma zaidi, maana wanaoumia ni watoto. Shimo la kuchomea taka mara nyingi huwa nyuma ya madarasa au karibu na jiko, na moshi wake hauna mpaka. Plastiki ikiungua kwenye moto wa wazi hutoa chembechembe laini mno, nyingine zenye kipenyo chini ya mikromita 2.5, ambazo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Plastiki yenye klorini, kama ya mabomba na nyaya, huweza kutoa dayoksini, sumu inayokaa mwilini na kwenye udongo miaka mingi. Mtoto huvuta hewa nyingi kuliko mtu mzima ukilinganisha na uzito wa mwili wake. Na kuna shule ambazo majivu ya shimo hilo humwagwa kwenye bustani ya mboga kama mbolea. Majivu ya kuni safi, sawa. Majivu ya plastiki, hapana.

Njia rahisi ni kuanza na kinachooza. Tenga mabaki ya chakula, majani na nyasi, uvitengenezee mboji. Rundo la mboji lataka hewa, kwa hiyo ligeuzwe mara kwa mara. Mabaki yaliyofukiwa pasipo hewa hutoa methani, gesi ambayo kwa kipindi cha miaka 100 hupasha dunia joto takriban mara 28 kuliko hewa ukaa ya uzito uleule. Vitu vinavyooza vikishatoka, taka zinazobaki ni kavu, hazinuki, na anayekusanya chupa au karatasi atazichukua bila kusita.

"Tumeweka mapipa ya rangi, tumemaliza"

Pipa halirejelezi kitu, yaani haligeuzi taka kuwa bidhaa mpya. Kati ya plastiki yote iliyokuwa imegeuka taka duniani hadi 2015, iliyorejelezwa ni takriban asilimia 9 tu. Kabla ya kununua mapipa, mtafuteni atakayechukua kila aina, kwa sababu wanafunzi wakiona mapipa matatu yakimwagwa kwenye gari moja, hawatatenganisha tena. Vyombo vinavyouzwa kwa jina la "plastiki inayooza" navyo, vingi huhitaji kiwanda cha mboji chenye joto la karibu nyuzi 60. Kwenye shimo la kawaida hukaa tu.

"Hatuna pesa za sola, kwa hiyo hatuwezi kuokoa umeme"

Paneli ni hatua ya pili. Kwanza, soma mita jioni shule inapofungwa, kisha asubuhi kabla haijafunguliwa. Tofauti ya namba hizo ni umeme ulioliwa wakati hapakuwa na mtu, na mara nyingi chanzo ni kompyuta zilizoachwa zikiwaka, taa za korido na friji kuukuu. Picha inayochezacheza kwenye skrini haiokoi umeme, kompyuta izimwe. Kuzima taa kwa dakika chache hakuli umeme zaidi ya kuiacha. Taa ya LED hutumia angalau asilimia 75 pungufu ya balbu ya zamani yenye waya. Ukishapunguza matumizi, mfumo wa sola utakaouhitaji utakuwa mdogo na wa bei nafuu, na hapo la kwanza ni kumpata mtu wa kufuta vumbi kwenye paneli.

"Tone ni tone tu"

Tufanye hesabu, inafaa hata kwa somo la darasani. Tone moja kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku. Matone manne yakifanya mililita moja, hizo ni lita 21 na ushei kwa siku, karibu lita 7,900 kwa mwaka, kutoka koki moja. Choo kinachovuja kimyakimya hupoteza zaidi: tia rangi ya chakula kwenye tangi, ngoja nusu saa bila kuvuta maji, rangi ikionekana chini, kuna mvujo.

Na juu ya vichwa vyetu kuna paa. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 300 za mraba likipata mvua ya milimita 20 limepokea lita 6,000. Maji ya mwanzo yaachwe yapite, yamebeba vumbi na kinyesi cha ndege.

"Hiyo ni kazi ya klabu ya mazingira"

Wanafunzi wanaweza kupima na kuripoti, lakini hawanunui taa wala hawaajiri mafundi. Ndiyo maana Eco-Schools, mpango wa kimataifa wa shule zinazotunza mazingira ulioanza 1994, unaanza na kamati ya wanafunzi na watu wazima pamoja, kisha ukaguzi wa hali ilivyo, halafu ndipo mpango wa utekelezaji. Mimi ningeongeza viti viwili ambavyo husahaulika, cha mpishi na cha mlinzi wa usiku, kwa kuwa wao ndio wanaojua kuni zinaisha lini na taa zipi hazizimwi. Kikao cha kwanza kiwe na usomaji wa mita wa wiki nne, orodha ya koki zinazovuja, na jina la atakayezitengeneza kabla ya kikao cha pili.