Kwa nini anayeijua pumu vizuri bado hubanwa kifua usiku?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba mgonjwa wa pumu huteseka kwa sababu haujui ugonjwa wake. Mpe semina, mwonyeshe mchoro wa mapafu, mgawie kijitabu, naye hatakimbizwa tena hospitali. Nilikosea, na programu nyingi za elimu ya pumu zimejengwa juu ya kosa hilohilo.

Jambo hili limepimwa. Mapitio ya tafiti ya mwaka 2002 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa afya, yaliangalia mafunzo ya watu wazima yaliyotoa taarifa tu. Watu walielimika kweli, lakini kulazwa hospitali hakukupungua. Mapitio mengine ya Cochrane, yenye majaribio 36, yaliangalia mafunzo ya namna tofauti: mgonjwa anajipima mwenyewe, anaonwa na mtaalamu mara kwa mara, na wengi wanapewa mpango wa maandishi. Hapo kulazwa kulipungua, dharura zikapungua, siku za kukosa kazi na usiku wa kuamka kwa kubanwa vikapungua pia. Kinachonivutia zaidi ni kwamba vipimo vya nguvu ya mapafu havikubadilika sana. Mapafu karibu yaleyale, maisha tofauti.

Kwa nini basi kujua hakutoshi? Jibu kubwa, kwa maoni yangu, liko katika dawa zenyewe na kile zinachomfundisha mgonjwa kila siku bila mwalimu. Dawa ya kutuliza, kama salbutamoli, hulegeza misuli inayozunguka mirija ya hewa, na kifua hufunguka ndani ya dakika chache. Dawa ya kuzuia, yaani steroidi ya kuvuta, hupunguza uvimbe ndani ya mirija hiyo. Kazi yake huchukua siku hadi wiki, na mgonjwa huivuta hata siku ambazo hana shida yoyote.

Fikiria nyumba inayovuja. Ukiweka ndoo chini ya tundu, faida unaiona papo hapo: sakafu haiendelei kulowa. Fundi akipanda kuziba bati siku ya jua kali, huoni chochote. Mvua ikija, hakuna kinachodondoka, na hakuna anayeshangilia tone ambalo halikudondoka. Basi mwenye nyumba huiheshimu ndoo na kumwona fundi kuwa gharama. Mgonjwa anayeacha dawa ya kuzuia hafanyi hivyo kwa ujinga. Anafuata ushahidi wa kifua chake mwenyewe. Mwili umemfundisha kwamba inhela, yaani kifaa cha kuvutia dawa, ya kutuliza ndiyo dawa, na hotuba ya saa moja haishindi somo linalorudiwa kila wiki. Usipoziba ufa utajenga ukuta, kila mtu anaujua usemi huo, lakini ufa wenyewe sharti uonekane.

Ndiyo maana programu nzuri humpa mgonjwa macho ya kuuona. Kifaa cha kupima kasi ya kupuliza pumzi hufanya kazi hiyo: namba zikishuka chini ya asilimia 80 ya kiwango chake bora, mpango wa maandishi unamwambia la kufanya, zikishuka chini ya asilimia 50, ni dharura. Uamuzi umefanywa mapema, akili ikiwa imetulia, usije ukasubiri saa nane za usiku mtu akihema. Hata hivyo, tusiitukuze karatasi yenyewe. Mpango wa maandishi ulipopimwa peke yake kwa watu wazima, ushahidi wa faida ulikuwa hafifu. Huenda nguvu iko kwenye mkusanyiko wote.

Wataalamu wengine wamepita njia tofauti kabisa: wameibadilisha ndoo. Tangu 2019, mwongozo wa GINA, mpango wa kimataifa wa kupambana na pumu, haupendekezi tena watu wazima na vijana watibiwe kwa dawa ya kutuliza ya haraka peke yake. Inhela yenye formoteroli, dawa ya kufungua mirija, na steroidi pamoja humpa mtu nafuu, na wakati huohuo huziba bati.

Kuna pia suala la mikono. Mapitio ya mwaka 2016, yaliyokusanya tafiti za miaka 40, yalikuta takriban asilimia 31 tu ya watu wakitumia inhela ipasavyo, na hali haikuwa imeimarika katika kipindi chote hicho. Inhela ya kupuliza hutaka pumzi ya polepole na ndefu. Ya unga hutaka pumzi ya nguvu. Ukizichanganya, dawa nyingi huishia kinywani na kooni. Maneno hayarekebishi hilo. Mgonjwa avute mbele ya mwalimu, arekebishwe, avute tena, kisha arudiwe miezi michache baadaye, kwa maana ustadi huu hufifia.

Na kabla ya kueleza lolote, muulize amemaliza makopo mangapi ya dawa ya kutuliza mwaka huu. Matatu au zaidi yenye mipulizo 200 kila moja huambatana na hatari kubwa ya shambulio, hata kama ameketi mbele yako akikuambia yuko salama.