Takataka au urithi? Acheni kunilazimisha kuchagua

"Baba, hii ni bucafu ao ni kintu ya kuchunga? Chagula moya."

Ni mteja wa tatu mwezi huu. Kasimama karakanani mbele ya tufe langu la chuma, kipenyo sentimita 16.5, antena sita. Ni umbo la Vanguard 1, satelaiti ambayo Marekani iliirusha mwaka 1958, ikanyamaza 1964, na mpaka leo inazunguka dunia. Kwa wahandisi ni takataka: haina kazi, na chombo kikigongana nayo kwa kasi ile kitasambaratika. Ila hakuna satelaiti nyingine iliyodumu huko juu kama hiyo. Sasa nichague nini?

Na anayeuliza ni mtu wa Lubumbashi! Toka nje utazame terili. Lile ni rundo la makapi ya tanuru, yaliyoanza kumwagwa shaba ilipoanza kuyeyushwa hapa mwaka 1911. Baadaye makapi yaleyale yakatafutwa tena kwa ajili ya kobalti. Na ni mlima huohuo, na bomba lake la moshi, ambao wachoraji wetu hawachoki kuuchora. Uliacha lini kuwa uchafu? Haukuacha. Ndiyo maana tufe langu nimelichomelea kwa chuma chakavu na sikulipaka rangi. Anayetaka king'ae aende kwa watengeneza mageti.

Madai mengine ninayoyasikia kuhusu mabaki ya angani nayajibu kwa ufupi.

"Kilichoanguka ni cha aliyeokota." Hapana. Mkataba wa kimataifa wa anga za juu wa 1967 unasema kitu cha angani kikirudi duniani, mwenyewe ni yuleyule. Pete ya kilo 500 iliyoanguka Mukuku, Kenya, Desemba 2024, haikubaki shambani; wakala wa anga wa serikali uliichukua.

"Vyote huungulia njiani." Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, titani karibu 1,670. Basi matangi ya titani hufika chini mazima, pengine na mabaki ya mafuta yenye sumu. Ukiona tangi kama hilo, usiliguse, na usiniletee nilikate.

Halafu hao wanaoniuzia "vipande vya satelaiti" vya OTRAG, kampuni ya roketi ya Kijerumani. Wajerumani wale walijaribu roketi zao huku Katanga, enzi hizo ikiitwa Shaba, mwaka 1977 na 1978, na hakuna iliyofika kwenye mzingo wa dunia. Kama kipande ni cha roketi zao kweli nitakipokea kwa heshima, kwa bei ya chuma chakavu.