Mapenzi yaliyovunjika kwenye albamu ya roki ya Kikristo

Wengi huamini kwamba bendi ya roki ya Kikristo ikiimba mapenzi yenye misukosuko, imeiacha imani. Lakini maombolezo ni ya kale katika imani yenyewe: Zaburi ya 13 inauliza "hata lini" mara 4 katika mistari 2 ya mwanzo, na ya 88 inaishia gizani, bila faraja. Hosea naye hutumia ndoa iliyosalitiwa kueleza agano la Mungu na Israeli.

Soma maneno yote kwenye kijitabu cha albamu, kwa mpangilio wake. Wimbo mmoja ukichomolewa huweza kusikika kama kukana, kumbe jibu liko mbele. Chunguza "wewe" ni nani: beti zaweza kumlenga mpenzi, kiitikio kikamgeukia Mungu. Angalia pia mtunzi. Huenda siye anayeimba.