Kufuatana si kusababishana: dhana potofu kuhusu msuko wa riwaya

"Mbona matukio yangu yanafuatana vizuri tu?" Hilo ndilo jibu ninalopewa kila ninapomrudishia mwandishi mswada na kumwambia kwamba hauna msuko. Nimelisikia mpaka nimechoka, na bado linaniuma, kwa sababu mara nyingi anayelitoa ana lugha nzuri na wahusika walio hai.

Tarehe kufuatana ni jambo moja, tukio kuzaa tukio ni jambo jingine kabisa. Mwanafalsafa Mgiriki Aristotle alishalisema katika karne ya 4 kabla ya Kristo: jambo kutokea kwa sababu ya lingine si sawa na jambo kutokea baada ya lingine, na msuko wenye vipande visivyo na ulazima kati yao ndio mbaya kuliko yote. Mwaka 1927 mwandishi wa riwaya Mwingereza, E. M. Forster, akatoa mfano ambao walimu wa uandishi hawauachi. Mfalme alifariki, kisha malkia akafariki: hiyo ni hadithi. Mfalme alifariki, kisha malkia akafariki kwa huzuni: huo ni msuko.

Chukua mfano huu niliouunda kwa sura ya miswada ninayoipokea. Sura ya 5, Zaina anafukuzwa kazi. Sura ya 6, mama yake anaugua. Sura ya 7, anakutana na Idi, mchumba wake wa zamani. Sura ya 8, wezi wanavamia nyumba. Sasa itoe sura ya 8 uiweke mahali pa ile ya 5. Kimeharibika nini? Hakuna, ila tarehe. Sura zinazohamishika hivyo hazijafungamana, hata kama kila moja peke yake inamliza msomaji.

Tuyafunge matukio hayohayo. Mama anaugua. Zaina, ambaye ni mtunza fedha, anachota fedha za ofisi kulipia matibabu, akijiahidi kuzirudisha mwisho wa mwezi. Wakaguzi wanakuja kabla, anafukuzwa. Kwa kuwa hathubutu kumwambia mama ukweli, anakwenda kukopa kwa Idi, mtu ambaye yeye Zaina aliapa kutomtafuta tena. Idi anakubali, lakini anataka hati ya nyumba iwe rehani. Zaina anachukua fedha, hati anaipiga kalenda. Usiku mmoja wezi wanaingia, na katika nyumba nzima wanapekua kabati moja tu, lile la nyaraka. Jaribu sasa kuhamisha sura yoyote.

Tazama mnyororo ulipopitia. Ugonjwa haukumfukuzisha Zaina kazi; alifukuzwa kwa sababu alichota. Ninalipigia mstari jambo hili kwa kila mwandishi ninayefanya naye kazi: kati ya tukio na tukio awepo mtu aliyeamua. Mhusika mkuu anayeangukiwa tu na mambo tutamhurumia kwa kurasa kadhaa, kisha tutafunga kitabu.

Kwa hiyo andika kila tukio kwenye kadi yake. Kati ya kadi na kadi weka "kwa hiyo" au "lakini". Ukiona kinachokubalika hapo ni "halafu" peke yake, usikimbilie kupamba lugha, rudi kwenye kadi. Na anzia kwenye kilele, urudi nyuma ukiuliza "kwa nini?" kila hatua. Ukienda mbele ni rahisi mno kujidanganya, maana karibu lolote linaweza kufuata lolote.

Wapo wanaoamini sadfa ni mwiko. Si kweli. Sadfa inayomwingiza mhusika matatani msomaji anaipokea bila shida. Inayomwokoa ndiyo asiyoisamehe. Mjomba aliyesahaulika asitokee sura ya mwisho na urithi.

Kisengerenyuma, yaani kurudi nyuma kusimulia yaliyotangulia, nacho hakikati mnyororo. Mpangilio wa kusimulia ni wako, uchezee utakavyo, mradi mpangilio wa kutokea uwe mzima kichwani mwako.

"Msomaji atabashiri kila kitu," wananiambia wengine. Chanzo kimoja kina matokeo mengi yanayowezekana. Tunajua wizi wa Zaina utamrudia. Hatujui utamrudia kupitia kwa nani, wala utamgharimu nini. Taharuki hukaa hapo hasa, na asiyetarajia lolote hana cha kumtia wasiwasi.

Kuna pia wanaodhani kila sababu lazima itamkwe, ndiyo maana ninakutana na Zaina ameketi kitandani aya nzima akijieleza kwa nini atachota fedha. Kama ukurasa wa nyuma tumeiona ankara ya hospitali ikikunjwa na kurudishwa mkobani, na sasa tunamwona akilifungua kasha la ofisi, tumeshaelewa. Aya hiyo ninaifuta, na mwandishi akiirudisha ninaifuta tena.