Dhana za Ziwani Zinazompotosha Mtazamaji wa Ndege Huko Mida na Arabuko-Sokoke

Mtu aliyezoea kutazama ndege kwenye Ziwa Nakuru, au kwenye mafunjo ya Dunga pale Kisumu, hufunga safari ya pwani akiwa na mazoea ya ziwani, na baadhi ya mazoea hayo humharibia safari hata kabla hajafika Gede, mji mdogo ulio jirani na Mida na msitu wa Arabuko-Sokoke.

Dhana iliyo kuu ni kwamba ndege wa majini hutazamwa saa yoyote mradi kuna mwanga. Ziwani jambo hilo lina ukweli wake, kwa sababu maji ya asubuhi na ya jioni hukaa karibu palepale. Hori ya Mida, iliyo karibu na Watamu, ni mkono wa bahari, nayo hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa huzidi meta 3. Wengi hudhani kwamba wakati bora ni maji yanapokuwa yamepwa kabisa na matope kubaki wazi, kumbe hapo ndipo ndege wanapotawanyika mbali mno, hata mwenye darubini ya miguu mitatu akaona vitone tu vinavyotembea. Maji yanapoanza kurudi, ndege husogezwa hatua kwa hatua kuelekea ukingoni, na saa chache kabla ya maji kujaa ndizo zenye faida kubwa. Yakishajaa, wengine hujikusanya kwenye mchanga uliosalia na wengine hutua juu ya mikoko, wakingoja. Kwa kuwa saa ya kujaa husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku, kikundi kinachopanga kufika hapo saa kumi jioni siku zote tatu za safari kinabahatisha. Afadhali jedwali la maji lisomwe kwanza, kisha tiketi ya basi inunuliwe.

Kuna pia wanaoamini kwamba ndege hao ni wakazi wa hapo mwaka mzima. Wengi ni wageni kutoka Asia, na idadi yao huwa kubwa kati ya Oktoba na Machi. Ndege mla kaa, mweusi kwa mweupe, mwenye mdomo mnene, ambaye ndiye kivutio kikuu cha Mida, huzaliana kwenye fukwe na visiwa vya upande wa Arabuni na pembe ya Afrika, akichimba shimo mchangani na kwa kawaida kutaga yai moja tu. Anayesafiri na watoto likizo ya Agosti atawakuta wachache. Ya Desemba inafaa zaidi.

Ada inayolipwa kwenye daraja la mbao linalopita katikati ya mikoko hudhaniwa kuwa ya wenye hoteli, ilhali huchangia karo ya wanafunzi wa sekondari kutoka familia zinazoishi kandokando ya msitu na hori.

Tukija msituni, mtu wa magharibi mwa Kenya huwa na picha ya Kakamega kichwani: miti mirefu, unyevu, na ndege aitwaye shorobo mkubwa wa buluu akipiga kelele juu. Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 420, ni msitu mkavu wa pwani, na shorobo huyo hayupo. Wala si msitu wa namna moja. Bundi mdogo wa Sokoke, asiyezidi kimo cha sentimita 17 hivi, hukaa kwenye vichaka vizito vya udongo mwekundu. Chozi wa Amani, ndege mdogo anyonyaye maua, hutafutwa juu ya miti ya mirihi, penye mchanga mweupe. Aliyepita sehemu moja kwa gari, akitarajia ndege wajitokeze kama flamingo, hajauona msitu. Hapa watu hutembea kwa miguu na mwongozaji wa kwao, na sikio hutangulia jicho.

Kwamba bundi ni ndege wa mkosi sina haja ya kulijadili sana: huyu wa Sokoke hula wadudu zaidi. Linalonisumbua ni imani ya kisasa kwamba kumwita kwa sauti iliyorekodiwa kwenye simu hakumdhuru. Ndege anayesikia mpinzani katika eneo lake huacha kuwinda au kulea ili aje kulilinda, na kikundi kikifuata kikundi, hasara inaongezeka. Waongozaji wazoefu hujua anapolala mchana.

Mwisho ni mnana wa Clarke, ndege wa jamii ya wasuka viota, anayepatikana Kaunti ya Kilifi pekee. Ilidhaniwa kwamba, kwa kuwa huonekana Arabuko-Sokoke, huko ndiko anakojenga viota. Ingawa sayansi ilimtambua mwaka 1913, viota vyake vilipatikana 2013 huko Dakatcha, kaskazini ya msitu, kwenye kinamasi cha msimu. Kwa hiyo asipoonekana msituni wakati wa mvua, huenda mwongozaji hana kosa lolote.