Mnyororo Sichori Tena

"Nzuri sana, bibie. Lakini utumwa wenyewe uko wapi?"

Hii ni mara ya saba, na safari hii nimehesabu. Aliyeuliza ni kijana wa mradi mmoja wa sanaa juu ya utumwa wa leo, mtoto wa watu na adabu zake, kakaa kwenye mkeka wangu hapa Ng'ambo, Unguja, anakunywa chai yangu, rasimu ya ukuta kaishika anaigeuza huku na huku. Nilikuwa nimechora jiko. Mwanamke kasimama mbele ya vyombo, dirishani kiza, saa ya ukutani saa saba, na mlango nyuma yake uko wazi kabisa. "Tumtie japo mnyororo mkononi," akasema, "watu wapate kufahamu." Nikamwongeza chai ili nisije nikasema neno.

Kwa hivyo naandika hapa mara moja, na atakayekuja wa nane nitampa asome kabla hajavua viatu.

Huu mnyororo najua unakotoka. Unatoka Mkunazini. Kila anayetaka kugharimia sanaa juu ya utumwa wa leo hupelekwa kwanza kwenye uwanja wa kanisa kuu, pale palipokuwa soko la watumwa, akainamia lile shimo la Clara Sörnäs, msanii wa Sweden, la mwaka 1998: sanamu tano, na shingoni mwao mnyororo wa kweli wa enzi zile. Mimi ile kazi naipenda. Nimekwenda kukaa pembeni yake na penseli mara nyingi, na kinachonishika si chuma, ni zile nyuso. Lakini simu za wageni zote zinaelekezwa kwenye chuma. Wanarudi hotelini na picha moja kichwani, asubuhi wananiletea mimi.

Sasa sikilizeni. Mnyororo ulikuwa wa safari. Ulikuwa wa misafara iliyotoka bara na wa watu waliokuwa bado wanaweza kukumbuka njia ya kurudi kwao. Akishauzwa mjini, mtumwa alikuwa anatembea. Alibeba mizigo bandarini, alijenga nyumba za mawe, alikuwa baharia, mpishi, fundi. Shamba alichuma karafuu. Ndani alikuwa suria anayezaa na bwana. Hilo neno "kibarua" mnalotupiana kila siku lilianza kwa mtumwa aliyekodishwa kwa kutwa, akipewa kikaratasi cha kuonyesha kuwa kazi kaifanya, na ujira akiupata sehemu yake humpelekea bwana. Wengine wao walilala kwenye vibanda vyao wenyewe. Jioni ungepishana naye njiani, mikono yake mitupu. Na "mjinga", kabla halijawa tusi la darasani, lilikuwa jina la mtumwa mgeni aliyeshushwa karibuni, hajui lugha, hajui mji. Kilichomfunga mjinga ni huo ujinga wenyewe: hana jamaa, na hata akitoka hajui amwendee nani.

Basi anayeniuliza mnyororo uko wapi kakosea mara mbili. Ya leo kaikosea, na ya zamani pia kaikosea.

Soko lilifungwa Juni 1873, Sultani wetu Sayyid Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza, na Krismasi ya mwaka huohuo jiwe la msingi la kanisa likawekwa. Wengi hadithi yao huishia hapo. Lakini kumiliki watu kuliendelea kuwa halali miaka 24 mingine. Na amri ya 1897 ya kuufuta utumwa nayo haikumfungulia mtu mlango. Ilimwambia aende mwenyewe mahakamani akadai uhuru wake, na akishaupata aonyeshe kuwa ana makazi na ana njia ya kujikimu, la sivyo atahesabiwa mzururaji. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo mpaka 1909. Watu wengi hawakwenda mahakamani. Mimi hukaa nikamsikia kabisa bwana mmoja barazani mwaka 1898, kikombe cha kahawa mkononi: "Si wako huru? Mbona basi hawaondoki?"

Hiyo ndiyo sentensi inayonipandisha presha, kuliko hata mnyororo. Leo inasemwa hivi: "Si alikwenda mwenyewe? Si alitia saini? Nani alimlazimisha kwenda Maskati?" Kwa upande wa sheria nitasema haraka: kwa mujibu wa Itifaki ya Palermo ya mwaka 2000, ya kuzuia biashara ya kusafirisha watu, ambayo nchi yetu imeifuata kwa sheria ya 2008, ukidanganywa au shida yako ikitumiliwa, ridhaa yako haina kitu, na kwa mtoto hata huo udanganyifu hauhitaji kuthibitishwa. Imetosha. Mchoraji ana swali jengine: hicho kinachomshika mtu kina umbo gani?

Mara nyingi kina umbo la kabati. Chini ya kafala, utaratibu wa Uarabuni wa kumdhamini mfanyakazi mgeni, viza ya mfanyakazi imefungwa kwa mwajiri wake. Akiondoka bila ya idhini, anaripotiwa kuwa katoroka. Mtoro! Neno lilelile walilokuwa wakiitwa watumwa waliokimbia mashamba. Paspoti imo kabatini, simu imo kabatini, na akitaka kurudi anaambiwa arejeshe kwanza pesa alizolipwa wakala kwa ajili yake. Shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch liliwahoji wanawake 50 wa Kitanzania waliofanya kazi Oman na Falme za Kiarabu, ripoti ikatoka 2017, na habari ya paspoti kuchukuliwa ndiyo iliyokuwa ya kawaida. Mlango wa mbele huenda uko wazi. Atoke aende wapi, bila ya karatasi, katika mji asioujua?

Wala si Uarabuni peke yake. Kuna watoto wanaotolewa shamba, au Pemba, au bara, kwa maneno matamu ya "nipe mwanao nikamsomeshe mjini". Skuli haioni. Huyo kila siku anatumwa dukani, funguo za nyumba anazo yeye. Mtumwa ni mtu anayetumwa. Lugha yetu ilipomtengenezea jina haikutaja chuma.

Haya, sasa nigeuke niwakabili wa upande wa pili, maana nao wananichosha: wale wanaoita kila kazi mbaya utumwa. Jirani yangu kaenda Maskati mara mbili, kajenga, kasomesha wadogo zake. Alikosa usingizi na alitukanwa, lakini alipochoka alisema basi, akapewa tiketi. Mwite mtumwa uone atakavyokutoa barazani kwake. Kipimo changu ni hicho: akisema basi, kinatokea nini? Nakiri hakitoshi. Yuko aliyekaa miaka miwili, mshahara kapata, paspoti hakuwahi kuiona, na hakuwahi kuomba kuondoka. Yeye ni nani? Vitabuni kuna mstari. Penseli yangu ikifika hapo hutetemeka. Makadirio ya Shirika la Kazi Duniani na wenzake kwa mwaka 2021 yanasema watu milioni 49.6 wamo katika utumwa wa kisasa, na kati yao milioni 22 ni ndoa za kulazimishwa. Ndoa sijathubutu kuichora. Naishi hapahapa.

Nikaanza basi na kabati. Ukuta mzima, mita tano, kabati la mbao lenye droo saba, kila droo imefunguliwa kidogo: paspoti, simu, barua za mama, mishahara ya miezi sita, mpaka ya mwisho ambayo ilikuwa tupu. Nilijiona nimefika. Siku ya tatu mzee mmoja akasimama, akatazama kwa makini, akaniuliza fundi yuko wapi na kabati bei gani. Akafuata wa pili. Kwa wiki mbili nilikuwa tangazo la fenicha.

Kazi ya pili ilikuwa bango, na hili hulieleza kwa aibu. Upande wa kushoto nilichora msichana uwanja wa ndege, buibui jipya, begi la magurudumu, wakala anatabasamu. Kulia nikachora kilichomfika. Kumbe kushoto nilikuchora vizuri mno. Wasichana wawili walinijia, nikafurahi wamekuja kuuliza jinsi ya kujihadhari. Walitaka nambari ya yule wakala.

Ndipo nikaenda kwenye kanga, na sijui kwa nini sikuanzia huko. Wanawake wa kisiwa hiki walipotoka utumwani waliitupa kaniki wakavaa kanga. Ilikuwa njia ya kusema mimi sasa ni mtu, bila ya kufungua mdomo. Pindo nililijaza funguo, mji, yaani katikati yake, nikauacha na mlango mmoja tu, na jina, yale maandishi yake, likawa: KUAJIRIWA SI KUNUNULIWA. Ikatoka, na doti zote zikaisha. Nikaanza kuulizia waliozinunua kwa ajili ya nani. Mmoja kaivaa kwenda kwa mama mkwe. Mwengine kaitandika kitandani, mumewe asome. Wa tatu alikuwa mwajiri, ana mtumishi wa ndani, kaipenda rangi. Waliogharimia walinuna, wakasema ujumbe umepotea. Mimi nasema kanga haijawahi kumtii aliyeichora, lakini usiku nikilala huwaza kwamba labda wana haki. Sijui mtumishi wa yule mama alisoma nini kila alipoifua.

Hilo jiko la safari hii si langu. Nilikaa na mwanamke aliyerudi, ambaye mtaani wanasema kashindwa kazi, nikamwonyesha rasimu ya kwanza, yeye kajikunja chini analia. Akaisukuma. "Usinichore nalia," akaniambia. "Nilikuwa silii. Nilikuwa na usingizi." Kwa hivyo nikamsimamisha, nikatia saa ukutani, macho nikayafanya mazito, na mlango nikauacha wazi kwa sababu yeye alisema ulikuwa wazi. Uso si wake. Hilo tulikubaliana mapema.

Kijana kanipigia leo asubuhi. Wakubwa zake wamekubali, mnyororo wameuacha. Wana ombi moja dogo tu: nembo ya mfadhili ikae kwenye aproni ya yule mwanamke, kifuani, ionekane kwa mbali. Nimemwambia itakaa kwenye mtungi wa gesi.